Nyoka Kwenye Mwamba: Mwongozo kwa Wapandaji Wanaotoka Dar es Salaam

Mpanda miamba anatofautiana na mtu anayetembea porini kwa jambo moja kubwa: mkono wake hufika mahali kabla ya jicho lake. Anayetembea huumwa mguuni, mara nyingi akiwa na kiatu na suruali. Anayepanda huingiza vidole ndani ya ufa asioweza kuuchungulia, huinua uso juu ya kibaraza cha jiwe bila kujua kilicholala pale, na akishtuka hana pa kurukia ila chini. Kwa hiyo hapa kamba na breki, kile kifaa cha kuibania kamba, vitazungumziwa sawa na sumu. Kuanguka mita nane kunaweza kuua papo hapo. Sumu, hata ya koboko, humwachia mwenzako muda wa kukusaidia, mradi awe anajua la kufanya na vifaa viwe karibu.

Dar yenyewe haina kuta ndefu za kupanda. Matumbawe ya ufukweni ni mafupi, na vilima vya Pugu ni vya kutembea msituni zaidi. Mtu wa Dar akitaka mwamba wa kweli huenda Morogoro, kilomita 190 hivi, au husonga mbele hadi Dodoma na Iringa. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Morogoro imekuwa safari ya asubuhi moja. Wepesi huo una mtego wake: watu hufunga begi Ijumaa usiku, wakapanda treni alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hospitali ya kule ina dawa gani.

Kazi ya kufanya ukiwa bado Dar

Piga simu hospitali ya rufaa ya mkoa unaokwenda siku mbili kabla ya safari, saa za kazi, na uombe kuzungumza na famasia au kitengo cha dharura. Uliza maswali matatu:

1. Mna dawa ya kuzuia sumu ya nyoka leo, na ni vichupa vingapi?
2. Imetengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika, na koboko yumo kwenye orodha yake?
3. Mna mashine ya kupumulia na chumba cha wagonjwa mahututi?

Swali la pili si la kupoteza muda. Dawa hii hutengenezwa kwa kutumia sumu ya nyoka wa eneo fulani, na iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haimsaidii aliyeumwa na nyoka wa Afrika. Swali la kwanza nalo lina uzito wake, kwa sababu mtu aliyepokea sumu nyingi anaweza kuhitaji vichupa kumi au zaidi vya mililita 10. Hospitali yenye vichupa viwili itaanza tiba, haitaimaliza. Ukijibiwa kwamba hawana, tafuta inayofuata na uandike umbali wake kwa dakika za gari. Kama ni zaidi ya saa mbili kutoka chini ya mwamba, chagua njia fupi ambazo kamba moja inatosha kumshusha mtu hadi ardhini. Kuta ndefu, zinazopandwa kwa vipande viwili au vitatu vya urefu wa kamba, ziache kwa safari nyingine.

Usinunue dawa hiyo ukaitia kwenye begi. Nyingi huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, huingizwa kwenye mshipa, na mwili unaweza kuipinga ghafla kiasi cha kuziba pumzi. Ni kazi ya daktari mwenye adrenalini mkononi.

Unavyopaswa kubeba ni vitu vya kawaida, na karibu vyote hupatikana kwenye duka la dawa la mtaani na maduka ya vifaa Kariakoo:

- Bandeji za kuvutika zenye upana wa sentimita 10 hadi 15, nne kwa kila kundi. Moja haitoshi mguu wa mtu mzima. Itaishia chini ya goti.
- Maji lita 3 kwenye chupa yenye alama, ya kusafishia macho tu. Asiyanywe mtu hata kiu ikiwa kali.
- Miwani ya kinga isiyo na rangi, ile ya mafundi wa kuranda.
- Kalamu ya wino usiofutika, tochi ya kichwani yenye betri mpya, na panadol.
- Fimbo nyembamba ya mita moja na nusu.
- Khanga mbili. Moja hufunga mkono uliovunjika au ulioumwa usitikisike. Mbili zikikunjwa pamoja na mkeka wa kulalia hushikilia mguu kama kibao.

Viatu ndiyo mahali watu wengi wanapokosea. Viatu vya kupandia hubana, kwa hiyo mtu akishuka tu huvivua, akavaa ndala na kuzama kwenye majani kwenda haja. Hapo ndipo kifutu anapomngojea. Njooni na buti zinazofunika kifundo cha mguu na suruali ndefu ya kitambaa kizito, na mzivae kila mnapotoka kwenye jiwe tupu.

Mkifika kijijini, anzeni kwa mwenyekiti au wazee. Mbali na ruhusa, kuna elimu pale ambayo hakuna ramani itakayokupa. Msalimie mzee ipasavyo, kisha umuulize moja kwa moja: "Mzee, jiwe hili lina nyoka mwenyeji?" Koboko asiposumbuliwa hukaa kwenye shimo lilelile kwa muda mrefu, na mkulima mwenye shamba chini ya jiwe hujua ni ufa upi na hutoka saa ngapi kuota jua. Ataweza pia kukwambia kama jiwe hilo ni mahali pa tambiko. Kama ni hivyo, tafuteni jiwe lingine.

Nyoka wa kuwajua

Huhitaji kujua nyoka wote wa Tanzania. Jua tabia za hawa wachache, kwa sababu tabia ndiyo itakayokwambia usogee au usimame.

Kifutu, ambaye wa pwani humwita pia bafe au moma, ni mnene, mfupi, kwa kawaida hafiki mita moja na nusu, na ana alama za rangi zinazofanana na majani makavu na kokoto. Silaha yake ni kutotikisika. Ushauri wa kupiga miguu chini ili nyoka wakimbie haumhusu yeye. Atakusikia unavyokuja na atabaki palepale. Mara nyingine hutoa mvumo mzito kama pumzi ya mpira unaotoboka, mara nyingine hatoi. Utamkuta chini ya ukuta, kwenye njia ya kufikia jiwe, na jioni juu ya jiwe tambarare linalohifadhi joto. Sumu yake huvimbisha na kuua nyama, na maumivu huanza mara moja. Kwenye misitu yenye unyevu ya Uluguru yuko ndugu yake mnene zaidi, mwenye ngozi yenye maumbo kama zulia, na tahadhari zake ni zilezile.

Koboko ndiye wa kumwogopa kwenye mwamba wenyewe. Usimtafute mweusi: mwili wake ni wa kijivu au kahawia iliyofifia, na weusi uko ndani ya kinywa. Kwa kawaida ana mita mbili hadi tatu, na wapo wanaopita hapo. Hupenda nyufa za mawe, vichuguu na magogo yenye uwazi, na hupanda jiwe na mti bila shida. Akiwa na njia ya kutokea, huondoka. Akizibiwa njia huinua theluthi ya mwili au zaidi, hufungua kinywa, na anaweza kuuma mara kadhaa mfululizo. Sumu yake hulegeza misuli, ikiwemo ya kupumulia. Koboko wa kijani, aliye jirani yetu hapa pwani kwenye miembe na mikorosho, hashindi kwenye jiwe tupu, lakini yuko kwenye miti. Kwa hiyo kama utafunga nanga ya kamba kwenye mti juu ya ukuta, angalia matawi kabla ya kukumbatia shina.

Swila, au fira, wapo wa kuuma tu na wapo wa kutema. Wa kutema hulenga macho na hufika mita mbili hadi tatu. Huuma pia, na sumu yao huvimbisha na kuozesha nyama kama ya kifutu. Hupenda mashimo chini ya mawe na huzunguka karibu na makazi ya watu kutafuta panya, kwa hiyo kambi yenye mabaki ya wali na dagaa ni mwaliko.

Wawili wengine wanadharauliwa na hawapaswi. Mmoja ni nyoka wa mtini mwenye macho makubwa kuliko unavyotarajia kwa kichwa chake, na jamaa yake mwembamba anayefanana na kijiti kikavu. Ni wapole, huuma wanaposhikwa, na aliyeumwa anaweza kukaa saa nyingi bila kuhisi kitu wakati damu yake inapoteza uwezo wa kuganda. Dawa ya kawaida ya nyoka wa Afrika haiwahusu, ila kwa huyo wa macho makubwa ipo dawa ya peke yake inayotengenezwa Afrika Kusini. Mwingine ni nyoka mdogo mweusi, mwembamba, wa kuchimba ardhini, anayetoka baada ya mvua. Meno yake hutoka pembeni mwa kinywa hata kikiwa kimefungwa, na ndiyo maana hakuna namna salama ya kumshika nyuma ya kichwa. Vidole vilivyomshika vimeharibika kwa sababu tu mtu alidhani ni nyoka wa kuchezea.

Chatu hana sumu. Mpishe apite.

Kulisoma jiwe kabla ya kufunga kamba

Nyoka hupasha mwili wake kwa jua. Asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, hutoka kwenye nyufa na kulala juu ya vibaraza vinavyotazama mashariki. Adhuhuri jiwe linapochoma hurudi ndani. Jioni hutoka tena. Kwa hiyo upande wa jua la asubuhi upandeni baadaye kidogo, na saa sita mchana hesabuni kwamba kila ufa wenye kivuli unaweza kuwa na mwenyewe. Wakati wa masika na vuli ongezeni umakini, kwa sababu majani yanakuwa marefu na vyura na panya ni wengi.

Simama mita kumi kutoka ukutani na uuangalie kwa dakika tano nzima bila kuzungumza. Tafuta michirizi myeupe na ya hudhurungi chini ya nyufa: ni mkojo wa pimbi, na penye pimbi pana anayewala. Tafuta gamba lililovuliwa. Likiwa laini na linakunjika bila kuvunjika, nyoka amepita karibuni na huenda yuko ndani bado. Likiwa kavu na linapukutika kama karatasi iliyokaa juani, ni la zamani. Sikiliza ndege: wakikusanyika tawi moja na kupiga kelele wakitazama sehemu ileile, kuna kitu pale. Mijusi wenye vichwa vyekundu wakiwa wametapakaa wanaota jua ni dalili ya utulivu, lakini ni chakula pia, kwa hiyo usiwachukulie kama cheti.

Na uangalie nyuki. Nyufa hizohizo huwa na mizinga, na kundi la nyuki kwa mtu anayening'inia ni hatari isiyopungua ya koboko.

Kisha safisheni mahali pa kusimamia. Tumia fimbo kufagia majani kwenye duara la mita tatu chini ya njia, tandika turubai, weka kamba juu yake na mabegi yote yakiwa yamefungwa zipu. Begi lililoachwa wazi kivulini ni pango dogo. Viatu vilivyovuliwa vining'inizwe, na kabla ya kuvivaa vigongwe.

Maneno matatu na mpangilio wake

Kabla ya kuondoka ardhini, anayepanda na mshika kamba, yule anayebaki chini akiidhibiti kamba kwa breki, wakubaliane maneno matatu: "Kaza", "Legeza", "Nishushe". Neno "nyoka" lisiwe la kwanza kamwe, na sababu yake ni hii. Ukipiga kelele "Nyoka!" ukiwa mita kumi juu, mshika kamba hatatazama juu. Atatazama miguuni pake, ataruka, na mkono wake wa breki utaachia kamba sekunde ileile unayoihitaji. Sema "Kaza!" kwanza. Kamba ikishakaza, ndipo useme "Nyoka juu" au "Nyoka chini yako".

Kwa mshika kamba sheria ni moja: mkono wa breki hauachii kamba hata nyoka apite juu ya kiatu. Hii inawezekana kama umejiandaa. Tumia kifaa cha breki kinachojibana chenyewe, na simama ukiwa na mahali pa kurudi nyuma hatua tatu bila kujikwaa. Piga fundo mwishoni mwa kamba, ili kushushwa kwa haraka kusije kukapitisha ncha kwenye breki. Kamba ya mita 60 hushusha mtu kutoka mita 30 tu, na mtu mwenye haraka husahau hesabu hiyo.

Mkono ukutani

Jicho litangulie mkono kila inapowezekana. Kwenye kibaraza, usitupe mkono juu na kujivuta. Panda hatua moja ya mguu zaidi, hata kama ni ngumu, ili macho yafike usawa wa ukingo ukiwa umejitenga na ukuta kwa urefu wa mkono ulionyooka, si pua ikiwa kwenye ukingo. Tazama, kisha ndipo ushike. Kama njia hairuhusu, piga ukingo kwa kiganja mara mbili na usubiri sekunde tatu. Usitegemee sana kugonga, kwa sababu jiwe zima halitikisiki kama udongo, na kifutu hajali. Kunasaidia zaidi kwa koboko na swila.

Kwenye ufa, tumia fimbo kwa sehemu zilizo karibu na ardhi, na juu tumia tochi ya kichwani hata mchana. Mwanga ukiingia ndani ya ufa mweusi utaona magamba yanang'aa tofauti na jiwe. Ufa unaonuka mkojo wa pimbi na wenye vumbi lililolainishwa mlangoni, kama lililopitiwa na kitambaa, una matumizi. Ukwepe. Hakuna aibu kuiacha njia kwa sababu hiyo.

Anayetangulia na kamba avae miwani ya kinga kwenye njia zenye vibaraza. Wengi huona inawasumbua kwa jasho. Ivae hivyohivyo; jicho lililotemewa ukiwa juu ya bolti ya mwisho, chuma kilichokazwa mwambani cha kunasia kamba, ni tatizo la ukubwa mwingine.

Umemkuta

Ukiwa ardhini: simama. Hesabu pumzi moja huku ukiangalia kichwa kiko upande gani. Rudi nyuma polepole hadi mita tano au zaidi, ukimwachia upande wa kwenda. Watu wa kundi wasimzunguke. Nyoka aliyezungukwa, hasa kati ya watu na ufa wake, ndiye anayepigana.

Ukiwa ukutani na yuko zaidi ya mita mbili: "Kaza", tulia, kisha "Nishushe". Mshika kamba ashushe kwa mwendo wa kawaida, maana kushushwa kwa kasi hukugongesha jiweni.

Akiwa karibu na uso au mkono, ganda. Usiondoe mkono kwa kuunyakua. Mwendo wa ghafla ndio unaochokoza. Sema "Kaza" kwa sauti ya kawaida. Ukihisi kamba inakubeba, legeza vidole, egemea nyuma kwenye hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba) na uache mwili ujitenge na ukuta kwa miguu. Kama bolti ya mwisho iko chini ya miguu yako, kuanguka kutakuwa kurefu, kwa hiyo shuka mshiko mmoja au miwili kwa utaratibu kabla ya kujiachia. Ni sekunde chache ngumu, na hufanyika vizuri zaidi kwa waliowahi kuzizoeza. Fanyeni zoezi hilo kwenye njia rahisi, mtu mmoja akisema "sasa" bila taarifa.

Ukitemewa machoni: usisugue. Funga macho, shika mwamba, "Kaza", "Nishushe". Maumivu ni makali na mtu hutamani kujifuta kwa mkono wenye chaki, jambo linalochubua jicho. Ukifika chini, lala chali, mwenzako afungue kope na kumwagia maji taratibu kwa dakika 15 hadi 20, yakitokea upande wa pua kwenda sikioni. Lenzi za macho zitolewe. Maji safi ya kunywa yanatosha. Kisha hospitali siku hiyohiyo jicho lipimwe, hata kama maumivu yametulia.

Usimuue. Nyoka wengi huuma wakipigwa au kushikwa, na kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado. Picha moja ya simu kutoka mbali yatosha kwa daktari. Ikikosekana, tiba itaendelea kwa dalili.

Ameuma

Saa inaanza kuhesabiwa. Fuateni mpangilio huu:

1. Mshusheni mara moja, akiwa bado ana nguvu. Asijaribu kumaliza njia wala kukusanya vifaa. Karabina, zile pete za chuma za kunasia kamba, zilizobaki ukutani ni za kusahau. Mtu akipoteza fahamu akining'inia kwenye hanesi anaweza kufa ndani ya dakika chache kwa kuning'inia tu.
2. Mlazeni. Vueni pete, saa, bangili, kiatu kinachobana na hanesi. Andikeni saa ya kuumwa juu ya ngozi kwa kalamu, na mchoreni mpaka wa uvimbe.
3. Pigeni simu hospitali mliyoiandika. Kwa uokoaji, 114 ni Zimamoto na 112 ni polisi. Mtu mmoja aende barabarani kuleta gari.
4. Zuieni kiungo kutikisika kwa kibao na khanga, kikiwa usawa wa moyo au karibu yake.
5. Mbebeni. Kila hatua anayotembea husukuma sumu. Mkiwa wawili tu na hakuna msaada unaokuja, kutembea polepole ni bora kuliko kukaa kusubiri giza.

Kuhusu bandeji, uamuzi ni huu. Kama maumivu makali na uvimbe vimeanza palepale, fikirieni kifutu au swila wa kutema, na msifunge bandeji ya kubana, kwa sababu itaizuia sumu mahali pamoja na nyama itakufa zaidi. Kibao kinatosha. Kama ni koboko, au hamjui ni nani na hakuna uvimbe, fungeni. Anzeni kwenye vidole, pandeni hadi kinena au kwapa, mkipishana nusu ya upana kila mzunguko, kwa ukazo wa kufunga kifundo kilichoteguka: kidole kipite chini yake kwa shida, na kucha zibaki na rangi. Zikiwa za bluu au baridi, legezeni kidogo. Bandeji haifunguliwi njiani. Hufunguliwa hospitalini dawa ikiwa tayari.

Dalili za koboko zinaweza kuanza ndani ya dakika chache: ganzi kuzunguka midomo, kope kulegea, mate kujaa, ulimi mzito, kisha pumzi fupi. Akianza kushindwa kumeza, mlazeni ubavu ili mate yatoke. Akiacha kupumua, mpulizieni kinywani, pumzi moja kila sekunde tano au sita, mpaka hospitali. Msikate tamaa kwa sababu hajibu. Sumu hii hulegeza misuli huku akili ikiwa macho. Anaweza kuwa anasikia kila neno. Mzungumzieni. Mwambieni gari limefika wapi.

Yasiyofaa yanajulikana, lakini hurudiwa kila mwaka: kukata kidonda kwa wembe, kunyonya, kufunga kamba au mpira wa kukaza juu ya jeraha, kupaka mafuta ya taa, kubandika jiwe jeusi, kumpa pombe. Kamba ya kukaza ni mbaya kuliko zote. Huua kiungo, na ikifunguliwa ghafla sumu iliyokusanyika huingia kwa mkupuo. Kwa maumivu mpeni panadol tu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Wenyeji wakisisitiza apitishwe kwa mganga kwanza, washukuruni kwa upole na waombeni wasaidie kubeba. Nguvu za mabega yao ndiyo dawa mnayoihitaji saa hiyo.

Hospitalini na baadaye

Mwambieni daktari saa ya kuumwa, mahali, dalili kwa mpangilio zilivyotokea, na onyesheni picha. Waambieni kama kuna bandeji ya kubana, wasiifungue kabla ya dawa kuwekwa tayari. Hata asiyehisi chochote abaki chini ya uangalizi kwa angalau saa 24. Wapo walioumwa bila kuingiziwa sumu, na wapo waliodhani hivyo mpaka fizi zilipoanza kutoka damu kesho yake. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Aliyepewa dawa ya kuzuia sumu anaweza kupata homa, vipele na maumivu ya viungo siku 5 hadi 14 baadaye, wakati ameshaanza kazi Dar. Aende hospitali na karatasi zake za matibabu, daktari aone alipewa vichupa vingapi.

Na kabla hamjaondoka Morogoro au Iringa, rudini kwa yule mzee wa kijijini mumwonyeshe ni ufa upi, mita ngapi kutoka chini, na saa ngapi nyoka alionekana. Wapandaji wa Jumamosi ijayo watamuuliza yeye.